Jirani Aliyeuliza "Na Hii Ikikufa?"

Nilichomoa diski. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikianza na yule jirani yetu utafikiri mimi ni mtoto mzuri, na watu wa Kitengela wanaonijua watakucheka. Ilikuwa likizo, asubuhi ya Jumamosi, seva yake ikiwa imewaka na inafanya kazi. Sikujikwaa. Sikusukumwa. Niliona kishikio kidogo, nikakibonyeza kwa kidole gumba, nikavuta, na diski ikatoka taratibu kama droo ya kabati.

Kosa lilikuwa lake pia, kidogo. Kila mteja akija alimpeleka nyuma ya nyumba amwonyeshe ile seva, yaani kompyuta isiyolala, inayoweka tovuti za watu ili yeyote akizifungua kwa simu azikute. Halafu angeipiga kofi la upole ubavuni kama mtu anayeuza fahali, na kusema, "Ndani kuna diski mbili. Chochote unachoweka kinaandikwa kwa zote mbili, neno kwa neno, picha kwa picha. Hata nikichomoa moja saa hii, tovuti yako haitajua."

Nilisikia maneno hayo tangu niko shule ya msingi. Siku moja nikamwambia, "Basi chomoa tuone."

"Wewe ngoja."

"Unaogopa?"

"Kijana, mtu amevaa mshipi, na suruali yenyewe iko na lastiki. Sasa umwambie avue mshipi mbele ya kanisa ndio ujue kama suruali itakaa. Atavua?"

Nilimwambia mimi ningevua. Akasema hilo halina shaka.

Sijui alizaliwa wapi na sikuwahi kumuuliza. Nilipopata akili ya kukumbuka watu, alikuwa tayari ni jirani. Mama alimwita jirani, pasta alimwita jirani, hata mkewe akikasirika alimwita jirani, na hapo ndipo ulijua leo ataosha vyombo mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye tumbo dogo lililokaa juu kama mpira uliofichwa ndani ya shati, na alitembea kwa kuburuta kandambili, kwa hivyo ulimsikia kabla hujamwona. Hilo lilinisaidia mara nyingi.

Alikuwa na viwili vya kila kitu. Saa mbili, moja kila mkono, na kwa kuwa hazikukubaliana hakuwahi kujua saa kamili. Lakini alijua moja ikisimama atabaki na nyingine. Matangi mawili ya maji. Betri mbili kubwa za sola. Intaneti mbili, moja ilikuja kwa waya wa nguzo na nyingine kwa kisahani juu ya paa, ili fundi wa barabara akikata waya na jembe, kisahani kishike kazi. Akienda kununua mwavuli alinunua miwili, akausahau mmoja kanisani, akarudi nyumbani bila kulowa, na akahesabu hiyo kuwa ushindi.

Na alikuwa na swali lake. Ukimwonyesha kitu kipya, badala ya kusema hongera, alikuuliza, "Na hii ikikufa?"

Mama yangu ana duka la maziwa. Aliponunua friji kubwa, ile ya mlango wa kioo, majirani wote walikuja kuiona. Yeye akaizunguka, akachungulia nyuma, akasema, "Mama Kimani, imetulia. Na hii ikikufa?"

"Jirani, si ungesema kwanza Mungu asifiwe."

"Mungu asifiwe. Na hii ikikufa?"

Mama alinuna siku nzima, lakini friji ya zamani hakuiuza. Iko mpaka leo, anaiwasha siku za joto na kuzima tukisikia tokeni za stima zimepungua. Harusini jirani alimuuliza mshereheshaji kuhusu kipaza sauti. Kanisani, siku ya kumkaribisha mpiga kinanda mpya, alisimama wakati wa matangazo akasema, "Tunashukuru. Lakini tuko na mpiga kinanda mmoja tu. Na huyu akikufa?" Mpiga kinanda alikuwa ameketi pale pale, na suti mpya.

Sasa usifikiri alikuwa mtu wa kujipanga kwa kila jambo. Gari lake, pikapu nyeupe iliyochoka, halikuwa na gurudumu la spea. Lile la spea alilifanya kuwa kiti, akalikalia nje ya chumba cha seva, na kila safari alisahau kulipakia. Na chumba chenyewe, chumba kilichobeba tovuti za makanisa, shule, maduka ya mbao na kikundi cha wakulima wa nyanya wa Kimana, kilikuwa na ufunguo mmoja. Mmoja tu. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilimuuliza juu ya hilo.

"Diski ya pili inanisaidia mimi," alisema. "Ufunguo wa pili unasaidia mwizi."

"Na huu ukipotea?"

"Kwani shingo itaenda wapi?"

Chumba kilikuwa cha mabati, ndani amepigilia mbao na magodoro ya zamani kuzuia joto na vumbi, maana malori yakipita barabara ya Namanga vumbi lote la dunia linakuja kutembelea Kitengela. Watu walimwambia apeleke seva zake Nairobi kwa majumba makubwa yenye walinzi na mashine za kupoza hewa. Akasema anataka tovuti za watu wake zilale mahali anapoweza kuzisikia zikikoroma.

Tovuti aliyoipenda kuliko zote haikumlipa kitu. Ilikuwa ya mifugo waliopotea. Kiangazi kikikaza, wafugaji wanahama mbali na ng'ombe, mifugo ya watu tofauti inachanganyika kwenye maji na majani, na nyingine haionekani tena. Kila familia ya Kimaasai ina namna yake ya kukata sikio la mnyama, na kila ukoo una chapa yake ya kuchoma kwenye ngozi. Lakini ukoo ni watu wengi na chapa ni moja. Ndipo jirani akaanza kuzunguka Kisaju na kwingineko akipiga picha kabla mnyama hajapotea. Moja ya sikio, moja ya chapa, na moja ya mnyama mzima akiwa na mwenyewe kando yake. Ukiokota ng'ombe, unafungua tovuti, unatafuta mwenye huyo uso.

Maa ya jirani, yaani lugha ya Kimaasai, ilikuwa mbaya. Yeyo, mama wa Kimaasai kutoka Kisaju aliyemletea mama yangu maziwa, alisema ni Maa ya kuongea na mbuzi, wao hawajali makosa. Lakini siku aliyokuja kupigwa picha na ng'ombe wake mwekundu mwenye doa jeupe usoni, alimuuliza jirani picha itakaa wapi. Jirani akaanza mambo ya diski. Yeyo akamkatiza.

"Sema kama mtu."

Jirani akafikiri. "Ni kama kundi moja na wachungaji wawili. Hawagawani ng'ombe. Kila mmoja anajua ng'ombe wote. Mmoja akianguka, yule mwingine anaendelea kuchunga na hakuna ng'ombe aliyepotea. Mimi naleta mchungaji mpya, yule mzima anamwonyesha ng'ombe wote mmoja mmoja mpaka naye awajue. Halafu wanakuwa wawili tena."

"Hao wachungaji ni ndugu?"

"Ni kama ndugu. Niliwanunua siku moja, duka moja."

"Mimi situmi ndugu wawili waliokula pamoja," Yeyo akasema. "Watalala wakati mmoja."

Jirani alicheka mpaka akakalia gurudumu lake. Mimi pia nilicheka.

Kitu kingine alichorudia mpaka masikio yangu yakawa na sugu ni kwamba diski pacha si akiba. Alijifunza hilo kwa katibu wa kanisa moja, ambaye alitaka kufuta picha moja ya harusi iliyomwonyesha akitafuna, akafuta za harusi yote. Akampigia jirani simu bila wasiwasi, kwa sababu aliambiwa ziko diski mbili.

"Ziko mbili," jirani akamwambia, "na zote mbili ni tiifu. Uliziambia zifute, zikafuta pamoja."

Tangu siku hiyo alikuwa na diski ya tatu, isiyounganishwa na kitu chochote, ambamo alinakili mambo yote kila mwisho wa mwezi na kuipeleka Kimana kwa shemeji yake, ikae ndani ya kopo la unga. Nyumba ikiungua Kitengela, unga wa Kimana utabaki. Mpango mzuri sana. Shida ni kwamba mwezi ule wa kidole changu alipanga safari ya kwenda kuichukua, pikapu ikapata pancha hata Isinya hajafika, spea iko nyumbani inakaliwa, akarudi amevutwa na trekta. Diski ya tatu ilikuwa Kimana ikingoja kunakiliwa upya, na ndani yake mambo yalikuwa ya zamani, kabla hata ng'ombe wa Yeyo hajapigwa picha.

Turudi kwa mimi na kidole gumba changu.

Mke wa jirani alifuga kuku. Ukifika wakati wa baridi upepo wa Kitengela unakata masikio na vifaranga wanakufa. Mama huyo akaingia chumba cha seva siku moja, akanyoosha mkono nyuma ya mashine.

"Hii joto inaenda wapi?"

"Inatoka tu nje," jirani akasema.

"Inatoka nje na watoto wangu wanakufa baridi?"

Vifaranga wakahamia. Akaweka kipande cha mbao katikati, huku seva, huku vifaranga, na juu yao taa nyekundu ya kuwapa joto. Jirani alilalamika kwa siku mbili kwamba seva zinataka baridi, halafu akaanza kuwapa majina.

Sasa ile seva ikipoteza diski inafanya mambo mawili. Inalia piip, piip kwa sauti nyembamba, na inawasha taa nyekundu. Fikiria hiyo sauti katikati ya vifaranga, na hiyo taa chini ya taa nyekundu.

Jumamosi ile nilikuwa nimekaa mlangoni, kwa sababu waifai ilikuwa na nguvu zaidi pale. Gari la maji likaja kujaza matangi. Jirani akatoka kubishana na dereva, aliyetaka kujaza moja tu. Nikabaki na mashine. Nikavuta. Nikafungua tovuti ya mifugo kwa simu, ikafunguka. Nikafungua ya shule, ya kanisa, ya nyanya, zote zikafunguka kama kawaida. Jirani alikuwa amesema kweli miaka yote. Nilicheka peke yangu, na bado nacheka nikasikia kandambili. Diski ikaingia kwa begi, chini ya nguo za michezo.

"Unacheka nini?"

"Kifaranga kimeanguka kwa maji."

Aliangalia saa ya kushoto, akaangalia ya kulia, akaniambia niende nikakule. Nilikuwa nimepanga kurudi baada ya chakula, niiweke mezani mbele yake na kusema, "Jirani, tovuti haikujua, na wewe pia hukujua." Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya sauti. Lakini nilipomaliza kula alikuwa ameshafunga, vifaranga wamewekewa chakula na maji ya siku mbili, ameingia pikapu na kwenda Kajiado kuunganisha intaneti kwa shule fulani, alale huko mpaka Jumatatu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Nikasema, basi Jumatatu. Kwani kuna nini, si diski ya pili iko?

Diski ya pili ilikuwepo, peke yake, inafanya kazi ya wawili, imezeeka sawa na mwenzake, kando ya taa ya vifaranga. Ilikufa Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani nikipimia watu maziwa. Yeyo akaingia bila mtungi wake. Mama akajua mara moja kuna jambo.

"Takwenya," mama akamsalimu.

"Iko," Yeyo akaitikia kwa Maa, akakaa kwenye kreti. "Mama Kimani, ng'ombe wangu alipotea wiki iliyopita, yule mwekundu. Ameonekana."

"Asante Mungu. Wapi?"

"Kisaju, kwa chifu, amefungwa pale. Lakini kuna mzee anasema ni wake. Ni mtu wa ukoo wetu, chapa ni moja, hata sikio linafanana. Chifu amesema nilete picha. Kesho ni soko na huyo mzee ameshaongea na mtu wa lori ampeleke kuuzwa."

"Na si uko na wengine?"

"Wengine ni wa kuangalia tu. Huyo ndiye anakamuliwa."

Mimi, nikitaka kuonekana, nikasema, "Yeyo, hiyo ni kitu kidogo, ngoja nikuonyeshe." Nikafungua simu. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukakataa. Nikafungua wa kanisa. Ukakataa. Maziwa niliyokuwa nikipima yalijaa, yakapita, yakafika kwa viatu vya mteja.

Tulipofika kwa jirani alikuwa ndio ameshuka garini. Yeyo akamweleza. Jirani akafungua mlango, akainama mbele ya seva. Upande mmoja taa ya diski ilikuwa imezima kabisa. Upande wa pili kulikuwa na shimo.

"Kuna mtu ameingia hapa," akasema. Akashika ufunguo shingoni kama anauhesabu.

"Labda ni panya," mkewe akasema.

"Panya wa kubonyeza kishikio?"

Alimweleza Yeyo pole pole, bila wachungaji, bila utani. Mmoja amekufa. Mwingine ameibwa. Ile ya Kimana haimjui ng'ombe wake. Sikuwahi kumwona amesimama na mikono inaning'inia hivyo, na zile saa mbili zinaenda tu.

Yeyo hakulaumu mtu. "Si kitu," akasema. "Nitaenda nimwite jina. Akiitikia, chifu ataona." Halafu akaongeza, kama anajisemea, "Lakini hata huyo mzee ana mdomo."

Kama angelia au kunitukana, nafikiri ningenyamaza. Najijua.

"Iko kwa begi yangu," nikasema.

Wote wakageuka. Nikakimbia kabla hawajauliza swali.

Begi lilikuwa kwenye kamba ya nguo. Limefuliwa. Linachuruzika maji.

"Mama! Kulikuwa na kitu ndani. Cha chuma."

Mama alikuwa anapangusa maziwa niliyomwaga. "Kile kizito? Kimenifaa sana. Nilikitoa kabla sijaloweka."

"Kiko wapi?"

Akaonyesha kwa mdomo. Nyuma ya duka kulikuwa na ndoo ya mala, yale maziwa ya kugandisha, na juu ya kifuniko, kwenye kitambaa kilichokunjwa vizuri, tovuti zote za Kitengela zilikuwa zimekaa zikizuia paka.

"Hiyo usitoe, paka atafunua," mama akasema. Kisha akaniangalia vizuri. "Kimani. Hicho ni kitu cha nani?"

Nilikibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa.

Jirani alikipokea, akakigeuza, akakinusa. "Inanuka mala," akasema. Akakipangusa kwa pindo la shati, akapuliza mahali pa kuunganishia. Akavua saa zake zote mbili, akatia mfukoni, alivyofanya siku zote kabla ya kugusa mashine. Akasukuma diski ndani mpaka ikasema tak, akawasha. Mama alikuwa amefika, bado na kitambaa mkononi. Vifaranga walikuwa wanalia. Tulikuwa tumesimama pale, watu wazima watatu na Yeyo mbele na mimi nyuma, tukiliangalia sanduku.

Ilianza kuvuma. Ikakwaruza kidogo, ikanyamaza, ikavuma tena, na jirani, ambaye hakuwahi kuomba hadharani hata kanisani, alikuwa anasogeza midomo. Ukurasa ukafunguka. Sikio. Chapa. Halafu Yeyo mwenyewe, amesimama kando ya ng'ombe mwekundu, ameziba mdomo akicheka, siku ile ya ndugu waliokula pamoja.

Yeyo akagusa doa jeupe kwa ncha ya kidole, pale kwenye kioo. "Ndiye huyo," akasema. "Ashe." Asante yake ilikuwa ya jirani, si yangu.

Jirani akachapisha picha. Mara mbili, bila shaka. Moja akampa Yeyo, nyingine akaitia mfukoni na saa zake, akasema tunaenda wote. Mimi nikapanda nyuma ya pikapu. Tukiondoka nikaona lile gurudumu limebaki pale nje, limelala.

"Jirani," nikagonga kioo. "Na gurudumu likikufa?"

"Nyamaza."

Halikukufa. Kwa chifu, yule mzee aliangalia picha kwa muda mrefu, akamwangalia ng'ombe, akaangalia picha tena. Hakuwa mwizi. Yeye pia alikuwa amepoteza mwekundu, na ukitamani kitu sana macho yanakusaidia kukiona. "Basi huyu ni wa mama," akasema. "Wangu bado." Jirani akamwambia kwa Maa yake ya mbuzi kwamba ng'ombe wa mzee waliobaki wote atakuja kuwapiga picha, na mzee akamwomba aseme tena kwa Kiswahili. Sisi tukarudi. Yeyo na ng'ombe wakashika njia ya nyumbani, yeye mbele.

Nilingoja adhabu. Jirani hakunipiga wala kunipigia kelele. Aliniletea kiti na simu yake. Alinieleza kwamba diski yangu, aliiita hivyo, diski yako, ilikuwa inajua mambo mpaka Jumamosi ilipochomolewa. Chochote kilichowekwa baada ya hapo kilikuwa kwa ile iliyokufa, na kimeenda nayo. Kwa hivyo kila mwenye tovuti lazima apigiwe aambiwe arudie. Na aambiwe kwa nini.

"Si ningesema tu kulikuwa na shida ya mitambo?"

"Wewe ndio mtambo."

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa nyanya.

"Umesema ulifanya nini?"

"Nilichomoa diski."

"Ya nini?"

"Nione kama tovuti itajua."

"Na ilijua?"

"Haikujua."

"Sasa kwani ulitaka nini tena, si ungerudisha?"

Kila mmoja aliuliza hivyo hivyo. Mama wa kwaya aliweka simu kwa sauti ya juu ili waimbaji wote wasikie. Mwalimu mmoja aliniuliza niko shule gani, akasema asante Mungu si yake. Nilipomaliza, masikio yalikuwa ya moto na jirani alikuwa amekaa kwenye gurudumu lake anakula mhogo, anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio nzuri.

Alinunua diski mbili mpya. Moja duka la Kitengela, nyingine akaenda mpaka Rongai, kampuni tofauti, na alipokutana na Yeyo akamwambia, "Hawa hawajawahi kula pamoja." Vifaranga wakarudishwa jikoni kwao, na mkewe akamwita jirani mwezi mzima. Ufunguo ulibaki mmoja, shingoni, na tangu siku hiyo kila nikipita mlangoni aliushika.

Mwaka jana walihama. Mwenye ploti alitaka kujenga ghorofa, na jirani akapata kipande Kisaju, mbele kidogo ya soko. Nilifikiri ningefurahi kwamba hakuna wa kuniangalia kila nikipita. Lakini pale alipoishi sasa kuna shimo la msingi na mchanga, na mama akinunua kitu kipya anakizunguka, anachungulia nyuma, halafu anaangalia barabarani.

Likizo hii, nikiwa kidato cha nne, mama alinituma kwake na mala. Nilimkuta anapaka rangi chumba kipya cha seva, cha mawe. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine. Saa bado mbili.

"Hiyo ndoo iko na diski juu?" akauliza.

"Siku hizi tunatumia jiwe."

Akanipeleka ndani. Akaanza ile hotuba, diski mbili, neno kwa neno, picha kwa picha, kama mimi ni mteja, na alipofika kwa kuchomoa akasita, akaniangalia, akairuka. Tukacheka wote. Kisha tukatoka nje, akakalia lile lile gurudumu, akapapasa shingoni, halafu mfukoni. Akatoa ufunguo mpya, bado una makali ya fundi, umefungwa kamba ya kiatu.

"Wiki iliyopita nilikuwa hospitali," akasema. "Kitu kidogo, presha. Stima ikapotea huku, betri moja ikakataa, na mke wangu amesimama nje ya mlango, mimi nimelala na ufunguo shingoni." Alinyoosha mkono. "Shika."

"Mimi?"

"Wewe unajua kile hupaswi kugusa. Wengine wote bado hawajajaribu."

Nilivaa ufunguo ndani ya shati. Njia yote ya kurudi Kitengela niliushika, nikifungua mkono na kufunga.

Nyumbani nilimwonyesha mama, nikamweleza yote, pole pole, nikingoja aone jinsi mwanawe amekuwa mtu. Mama alifuta mikono, akauchukua, akaugeuza mwangani. Na alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Na hii ikipotea? Enda kwa fundi achonge ingine uvae. Hii nakaa nayo mimi."